Tangi la Choo la Gari-Nyumba: Harufu, Kuziba, Kuvuja na Sensa Zinazodanganya

Anayenunua gari-nyumba huuliza habari za injini, matairi, kitanda na jiko. Tangi la choo hulikumbuka siku lenyewe linapojikumbusha, na mara nyingi huwa ni usiku na wageni wamo ndani. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta inayokusumbua, anza na ukaguzi mwepesi, kisha shuka taratibu. Katika kila dalili, sababu inayotajwa kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi. Usirukie ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayotisha. Nimeona watu wakishusha tangi zima kutoka chini ya gari, kumbe tatizo lilikuwa kipande cha karatasi kwenye raba.

Kwanza uelewe mpangilio. Magari mengi ya aina hii, yawe na injini yake au ya kukokotwa, yana matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji ya sabuni kutoka bafuni na jikoni. La tatu ni la choo, na kwa kawaida liko chini ya bakuli moja kwa moja. Kati ya bakuli na tangi kuna kifuniko kinachofunguka ukikanyaga pedali, na pembezoni mwake kuna raba inayoshika maji kidogo ili hewa chafu isipande. Kutoka juu ya tangi kuna bomba la hewa linalotokea paani. Chini kuna bomba la kutolea, kwa kawaida la inchi 3 upande wa choo, lenye valvu ya kuvuta kama droo. Mabomba ya matangi yote mawili machafu hukutana kwenye mdomo mmoja wenye kifuniko, na hapo ndipo unapofunga mpira wa majitaka.

Nitakalolirudia mpaka uchoke ni hili: tangi la choo huendeshwa na maji. Mwenye gari anapobana maji ili tangi lisijae haraka, au anapoacha valvu ya choo wazi kambini kwa sababu amekwisha kuunganisha mpira, majimaji huondoka na kinyesi hubaki. Sehemu kubwa ya matatizo yafuatayo imezaliwa hapo.

Kabla ya kugusa chochote

Vaa glavu za mpira zisizopenya maji, na miwani ya kinga unapofungua valvu au kifuniko. Majitaka hubeba bakteria wa kuharisha na virusi vya homa ya ini aina ya A. Mpira wa kusuuzia tangi uwe wa kazi hiyo tu. Usiufunge kamwe kwenye bomba la kujazia maji ya kunywa, hata kama umeuosha mara kumi.

Usichanganye dawa. Klorini ya kufulia ikikutana na mkojo hutoa gesi ya kloramini. Ikikutana na siki au asidi ya limau hutoa gesi ya klorini. Zote mbili huunguza mapafu, na choo cha gari ni chumba kidogo kisicho na pa kukimbilia. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu na tangi lililo wazi, maana ndani yake kuna methani.

Harufu ndani ya gari

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo watu wanalolikosea zaidi. Kabla hujalilaumu tangi, hakikisha ni tangi kweli. Harufu ya mayai yaliyooza ina vyanzo vingine vitatu ndani ya gari hilohilo.

Cha kwanza ni gesi ya kupikia. Gesi yenyewe haina harufu; hutiwa kemikali inayonuka ili uvujaji ugundulike, na pua iliyozoea harufu ya choo huweza kuipuuza. Ukiwa na shaka yoyote, usiwashe wala kuzima taa. Toa watu wote nje, funga mtungi, acha milango wazi, na mwite fundi wa gesi. Tangi litasubiri.

Cha pili ni betri ya asidi inayochajiwa kupita kiasi. Hutoa gesi ileile inayotoka kwenye majitaka. Ukihisi harufu imezidi karibu na sanduku la betri, usiishike. Kama ganda lake limevimba au unasikia joto lake kwa mbali, zima chaja, fungua milango, kaa mbali, tafuta fundi umeme.

Cha tatu ni hita ya maji. Fungua bomba la maji ya moto peke yake, halafu la baridi peke yake. Ikiwa maji ya moto tu ndiyo yananuka, kuna bakteria ndani ya hita wanaoishi kwa salfati, na tangi la choo halina kosa.

Ukishaviondoa vyanzo hivyo, endelea.

Feni ya paani. Ukaguzi huu hauna gharama: zima feni, kaa nusu saa, sikiliza pua yako. Feni inayotoa hewa nje hufanya gari livute hewa ya kuijazia kutoka popote pale, na ukikanyaga pedali wakati inazunguka, hewa hiyo hutoka kwenye tangi. Zima feni kabla ya kusukuma maji, iwashe baadaye. Wengine safari yao huishia hapa.

Raba ya bakuli. Mimina maji kwenye bakuli yafike nusu, weka alama kwa kipande cha utepe, ondoka kwa saa moja. Yakipungua, raba haishiki. Mara nyingi haijaisha. Kuna karatasi au magadi ya maji magumu kwenye mfereji wake. Funga maji ya kuingia, kanyaga pedali kifuniko kibaki wazi, piga mswaki wa zamani ukingo wote juu na chini, ukitumia siki kama kuna magadi (kumbuka, si baada ya klorini). Kausha, paka grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya mgando yanayotokana na petroli. Raba za aina nyingi huvimba na kulegea yakizigusa. Ikiwa bado maji yanashuka baada ya usafi wa kweli, nunua raba mpya inayolingana na modeli ya choo chako.

Kona ya U iliyokauka. Chini ya kila sinki na chini ya bafu kuna bomba lililopinda linaloshika maji ili hewa ya tangi isipite. Gari likikaa bila kutumika, maji hayo hukauka. Likipita barabara mbovu, hurukaruka na kumwagika. Mimina vikombe viwili vya maji kwenye kila tundu, hasa la bafu linalosahaulika. Harufu ikikoma ndani ya dakika chache, umeshapata jibu.

Valvu ndogo ya hewa chini ya sinki. Hii wenye magari wengi hawajui kama ipo. Ni kofia ya plastiki iliyosimama juu ya kipande cha bomba ndani ya kabati la jikoni au la bafuni. Kazi yake ni kuingiza hewa maji yanaposhuka na kuzuia hewa chafu isitoke. Kiwambo cha ndani kikikwama wazi, kabati lote hunuka. Fungua kabati, nusa pale juu. Nyingi hufunguka kwa mkono kama kifuniko cha chupa. Badilisha, usihangaike kuitengeneza.

Ukosefu wa maji tangini. Ukikanyaga pedali na kumulika tochi ukaona kinyesi kimesimama juu ya maji kama kichuguu, harufu haitaisha kwa dawa yoyote. Soma sehemu ya kuziba.

Bomba la hewa la paani. Ndege hujenga, majani huingia, nyigu huhamia. Dalili yake ni harufu inayopanda kwa kishindo kila ukikanyaga pedali, wakati mwingine na bwabwaja za mapovu. Kama ngazi yako ni imara na paa la gari lako linaruhusu kukanyagwa, panda, fungua kofia, mulika ndani. Mimina lita chache za maji: yashuke mara moja, na aliye chini ayasikie yakiingia tangini. Kuna ugonjwa mwingine wa bomba hili, mjanja zaidi: limeteleza na kushuka ndani ya tangi. Tangi likiwa tupu hakuna harufu. Likivuka nusu, ncha ya bomba huzama, hewa hukosa njia, na yote hupanda chooni. Mtu akiniambia harufu huja siku ya tatu tu ya safari, hapo ndipo ninapoangalia kwanza.

Kiungo cha choo na sakafu. Harufu iliyo nyuma ya choo, unyevunyevu kwenye kitako chake, au choo kinachotikisika ukikaa, ni dalili kwamba raba ya chini imechoka au nati zimelegea. Kaza nati kidogokidogo kwa zamu, upande huu kisha ule. Ukikaza kwa hasira utapasua kitako. Sakafu ikibonyea chini ya kidole, maji yameshaozesha mbao, na hiyo ni kazi ya fundi.

SIMAMA. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma au macho kuwasha, toka nje. Na ukiona harufu kali ya mayai yaliyooza imetoweka ghafla bila wewe kufanya lolote, usishukuru. Gesi hiyo, salfidi ya hidrojeni, ikizidi hufisha uwezo wa pua kunusa. Usiingize kichwa wala kifua ndani ya tangi au sehemu iliyofungwa chini ya gari kwa sababu yoyote.

Bakuli halishuki, au linashuka kwa kusitasita

Mulika tochi kwanza. Unachokiona ndicho kinachoamua hatua.

Ukiona maji yamefika shingoni, tangi limejaa. Acha kutumia choo, nenda kalimwage. Ni sababu ya kawaida kuliko zote, na watu huikataa kwa kuwa sensa imewaambia vinginevyo.

Ukiona kilima kikavu chini ya tundu, hicho ndicho kichuguu nilichokitaja. Ukiona karatasi zimejikunja kwenye shingo na chini yake kuna nafasi, ni kizibo cha juu, chepesi zaidi. Ukiona vitambaa vyenye unyevu, vile vya kupangusia watoto, ujue vimo vingi zaidi usivyoviona. Pakiti ikiandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni, husema kweli kwa maana ya kwamba vitapita kwenye tundu. Havitayeyuka.

Kizibo cha karatasi husukumwa kwa fimbo ya plastiki isiyo na ncha kali, huku ukimimina maji ya moto kiasi. Maji yasizidi nyuzi 60 za Selsiasi: yanayochemka hulegeza mabomba ya plastiki na huweza kupasua bakuli la kauri.

Kichuguu kinataka subira. Funga valvu ya choo. Jaza maji kupitia bakuli hadi robo tatu ya tangi, ukiangalia kwa macho, si kwa sensa. Tia dawa ya vimeng'enya au bakteria wa tangi kwa kipimo cha pakiti. Acha siku moja, mbili, hata tatu. Dawa hizi hufanya kazi vibaya kwenye baridi, na klorini huwaua bakteria hao uliowanunua, kwa hiyo usivitumie pamoja. Kisha endesha gari barabara yenye kona na breki, maji yatikisike. Mwaga. Rudia. Nimekuta kichuguu kilichoondoka kwa mara moja, na kingine kilichohitaji mara tano.

Kisipoondoka, kuna fimbo ya kupulizia maji inayoshushwa kupitia choo. Elekeza mkondo kwenye kitako cha kilima, si kileleni, valvu ikiwa wazi na mpira umefungwa vizuri. Funga mlango wa choo nyuma yako na uvae miwani; maji hurudi.

Kuhusu barafu. Utaambiwa umwage mifuko ya barafu tangini, uendeshe gari, nayo itasugua kuta. Barafu huelea. Uchafu uliogandamana uko chini. Kwa mwendo mfupi tu barafu imekuwa maji baridi, na kilichosafisha, kama kipo, ni hayo maji. Mwaga maji ya kawaida.

Usitumie kostiki soda wala dawa kali za kuzibua mabomba ya nyumbani. Hupata moto zikikutana na maji, hula raba za valvu, na zikishindwa kuzibua unabaki na tangi lililojaa kemikali ambayo mtu lazima aishughulikie kwa mikono yake. Waya wa chuma wa kuzibulia nao huweza kutoboa ukuta wa plastiki. Nasema kwa uchungu: niliwahi kutoboa wangu kwa fimbo ya chuma, nikiwa nimebakiza dakika mbili tu za subira.

SIMAMA kama umeloweka na kusuuza mara kadhaa bila mabadiliko, au kama kuna kitu kigumu kimeanguka ndani. Kuna mafundi wenye mashine za maji ya shinikizo zilizotengenezwa kwa matangi haya. Shinikizo hilo mikononi mwa asiyejua hupasua viungo.

Valvu imevutwa lakini hakuna kinachotoka

Angalia mpira kabla ya valvu. Mpira uliopanda mlima hata kidogo kati ya gari na tundu la kumwagia haushushi kitu. Uwe na mteremko njia nzima. Kama mkono wa valvu umekuja kirahisi mno, bila uzito, basi kebo imechomoka au imekatika, na droo ya valvu bado imefungwa. Chungulia chini ya gari, mfanye mwenzio avute, uone kama kitu kinasogea. Kama mkono ni mgumu kama jiwe, usiupige nyundo. Kebo hushika kutu, na mlango wa valvu hubanwa na kinyesi kilichokauka. Loweka kwa maji ya sabuni kutoka juu usiku kucha, kisha usogeze mbele na nyuma kwa mwendo mfupi.

Ikiwa hayo yote ni mazima, kizibo kimejikusanya mbele ya valvu. Hapa kipo kifaa cha kona chenye mdomo wa kupigia maji kinyumenyume, kinachofungwa kati ya gari na mpira wa majitaka. Kipande chake kilicho angavu kama kioo kitakuonyesha kinachopita. Fungua maji kwa dakika moja au mbili, funga, acha yatoke, rudia. Usikae ukiyaacha yaende: unajaza tangi, na lina kikomo.

Mtiririko unaoanza vizuri kisha ukafifia na kugugumia una sababu nyingine, hewa haiingii. Rudi kwenye bomba la paani. Usiendelee kumwaga huku limezibwa, kwa kuwa tangi hunyonywa na kuta zake huweza kujikunja.

Maji machafu yanamwagika ukifungua kifuniko

Umefungua kifuniko ili ufunge mpira, na kabla hujagusa valvu, viatu vimeloa. Rangi itakuambia mlango upi unavuja: maji ya kijivu yenye povu ni ya sabuni, ya kahawia hayahitaji maelezo.

Mara nyingi karatasi au punje imekwama kwenye mfereji wa valvu na mlango haufiki mwisho. Ukiwa umeunganishwa kituoni, fungua na kufunga valvu mara kadhaa huku maji mengi yakipita. Ikiendelea, raba zimechakaa. Kuzibadilisha si kazi kubwa kama tangi ni tupu kabisa na limesuuzwa: valvu nyingi hushikwa na bolti nne, na raba ni mbili, moja kila upande. Zipake grisi ya silikoni, zikae sawasawa kwenye mifereji yake kabla ya kubana, maana raba iliyojikunja itavuja zaidi ya ile uliyoitoa. Wakati unangoja vipuri, funga valvu ya pili ya kusokota kwenye mdomo wa nje. Mimi huiacha hapo daima, hata kama ya ndani ni nzima.

Siku ya kufungua kifuniko ukiwa na shaka, weka ndoo chini, simama pembeni, usichuchumae mbele yake.

Sensa inasema limejaa na umetoka kulimwaga sasa hivi

Sensa za kawaida ni vichwa vya bolti vilivyopenya ukuta wa tangi kwa ngazi: theluthi, theluthi mbili, limejaa. Maji yakizifikia, mkondo mdogo wa umeme hupita, na taa huwaka. Kipande cha karatasi kilicholowa, au utando wa sabuni na mafuta upande wa jikoni, hupitisha mkondo huohuo. Kwa hiyo sensa nyingi "mbovu" ni chafu tu. Jaza maji, tia dawa ya tangi au sabuni kidogo ya vyombo, safiri nayo, mwaga, suuza mara mbili. Taa ya ngazi moja tu iking'ang'ania, uchafu uko kwenye bolti hiyo. Taa zote zikiwa zimezimika hata tangi likiwa limejaa, tafuta waya uliochomoka au fyuzi.

Zipo sensa za kubandika nje ya tangi zinazosoma kupitia plastiki bila kugusa uchafu. Ni bora, ila nazo huchanganyikiwa ukuta wa ndani ukijaa tope. Kwa kweli, tochi na kuhesabu siku vimenitumikia vizuri kuliko taa yoyote.

Maji yanapanda kwenye sakafu ya bafu

Umeosha vyombo, na mabaki ya chakula yamejitokeza bafuni. Tangi la maji ya sabuni limejaa, na tundu la bafu ndilo lililo chini kuliko yote. Limwage. Ikiwa halijajaa, kuna nywele na mafuta yaliyoganda kwenye kona ya U: chomoa kona hiyo kwa mkono juu ya ndoo, isafishe. Mafuta ya kukaangia yapanguse kwa karatasi, yaende kwenye takataka.

Lakini maji yaliyopanda yakiwa ya kahawia, acha kila kitu. Labda valvu zote mbili zilikuwa wazi huku mpira umeziba, na majitaka ya choo yamehamia tangi la pili. Mwaga yote, suuza tangi la sabuni mara tatu, safisha bafu na masinki. Kuanzia hapo fuata utaratibu: kambini valvu ya choo ifungwe hadi tangi lifike theluthi mbili. Siku ya kumwaga, valvu ya choo hutangulia, ifungwe, kisha maji ya sabuni yafuate na kusuuza mpira.

Kunavuja chini ya gari

Kuna uvujaji wa maji safi unaofanana na wa majitaka, na huo ndio wa kuutazama kwanza. Magari yenye mdomo wa kusuuzia tangi huwa na valvu ndogo ndani ya ukuta wa bafu, inayozuia maji machafu yasirudi kwenye bomba la kuingilia. Ikipasuka, maji hutiririka ukutani kila unaposuuza, na huacha ukifunga. Badilisha hiyo valvu.

Nikiwa kwenye mdomo huo, tahadhari: usiutumie valvu ya kutolea ikiwa imefungwa, isipokuwa umesimama hapohapo na saa mkononi. Nilifungua maji, simu ikaita, nikazungumza. Tangi lilijaa, bomba la hewa likajaa, na nilichokiona kikishuka kwenye kioo cha mbele hakikuwa mvua. Nilibahatika. Tangi lingeweza kupasuka.

Uvujaji unaotokea tangi likiwa limejaa tu huashiria kiungo cha juu au ufa ulioko juu. Unaotokea daima ni wa chini: valvu, kiungo cha bomba, au sakafu ya tangi. Kumbuka uzito. Lita 150 za maji ni kilo 150, zinarukaruka kwa kila shimo la barabara, zimeshikwa na mikanda michache ya chuma. Mkanda uliolegea ndio unaozaa ufa.

Ufa wenyewe unategemea plastiki. Tangi la ABS huweza kuunganishwa kwa gundi yake ya kuyeyusha. Tangi la polithini halishiki gundi. Huchomelewa kwa joto. Tafuta maandishi kwenye ukuta wa tangi kabla ya kununua chochote, la sivyo utapaka gundi ghali itakayobanduka kama ganda la yai.

SIMAMA kama tangi limeinama, mkanda umekatika, au karatasi ngumu iliyofunika tumbo la gari imevimba kwa majimaji. Usiitoboe ukiwa umelala chini yake. Gari lisisafiri, mwite fundi.

Nzi wadogo

Huzaliana kwenye utando wa tope ndani ya mabomba. Suuza tangi vizuri, piga mswaki midomo ya masinki, weka wavu kwenye kofia ya bomba la paani, na uhakikishe raba ya bakuli inashika maji. Usimwage mafuta ya taa wala petroli. Tangi lenye methani halihitaji msaada wa kulipuka.

Baridi kali

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na valvu ndiyo hupasuka kwanza. Ikiwa mkono hautaki kusogea asubuhi ya barafu, usiulazimishe na usiwashe moto chini yake; peleka gari penye joto au tumia kikaushia nywele kwa subira. Dawa ya kuzuia kuganda iwe ya propilini glikoli isiyo na sumu, ile ya magari-nyumba. Ya injini ina ethilini glikoli, ambayo ni sumu, na haifai kumwagwa kwenye mfumo wa majitaka.

Gari lililolala miezi, tangi limekauka

Hili huwapata walioegesha bila kusuuza. Tope limekuwa kama simenti, sensa zimekufa, na harufu hurudi siku ya kwanza ya joto. Jaza maji tangi zima, dawa mara mbili ya kipimo cha kawaida kama pakiti inaruhusu, acha siku tatu, endesha, mwaga, rudia. Wiki mbili za kazi hii si ajabu. Vipande vikubwa vikianza kutoka, punguza mkondo wa valvu ili visibane mdomo kwa pamoja.

Safari inapoanza, kabla mtu yeyote hajaketi chooni, mimina angalau lita 10 za maji kwenye tangi tupu ili kinachodondoka kidondokee kwenye maji. Jaribu pia karatasi yako: tia vipande vichache kwenye chupa ya maji, funga, tikisa mara kumi. Ikisambaratika, ichukue. Ikibaki na umbo lake, iache nyumbani.